Kompyuta Isiyo na Ubavu

Siku ya Alhamisi, baada ya swala ya alasiri, Mji wa Kale wote wa Mombasa hunukia. Kila nyumba hutoa chetezo chake, makaa yakapulizwa, udi ukatiwa, na moshi ukapita chumba kwa chumba hadi chini ya vitanda. Ila kuna nyumba moja yenye mlango wa buluu uliobabuka rangi, ambayo haitoi moshi hata kidogo. Ajabu ni kwamba humo ndimo anamokaa Mwanaesha, mpishi wa udi ambaye maharusi wa mji huu hawaingii chumbani bila kazi ya mkono wake.

Watu hawakosi la kusema. Kuna wanaosema ni uchoyo, kwamba auza wote asijibakishie hata kipande. Kuna wanaosema amekosana na Mungu tangu alipofiwa. Waseme. Wengi wao hawajawahi kupanda ngazi za nyumba ile, na waliopanda wakati ule ilipofaa kupanda ni wachache kuliko wanavyojidai leo.

Upishi wa udi Mwanaesha alirithi kwa mama yake. Sukari huyeyushwa motoni mpaka inate, vikatiwa vipande vya udi na sandali, kisha mawardi, ambari na miski, kila kimoja kwa saa yake. Ukiwahi huharibu, ukichelewa huharibu, na hakuna kipimo isipokuwa pua. Pua ya Mwanaesha ilikuwa mali. Angeweza kunusa kikombe akakwambia aliyekinywea ni nani. Kwa pua hiyo alijilisha baada ya talaka mbili, na kwa pua hiyo alimlea ndugu yake, Fahmi, aliyeachwa na mama yao akiwa na miaka sita. Mwanaesha mwenyewe hakujaaliwa mtoto. Alimwita Fahmi mdogo wangu mbele za watu, na mwanangu wakiwa peke yao.

Fahmi alikuwa mchezaji. Winga wa kulia, mwembamba, mwenye mbio za kukera, na uwanja wa Tononoka ulimjua. Alipokuwa na miaka kumi na tisa alianguka katikati ya mechi bila kuguswa na mtu. Hospitalini wakasema ni moyo, vali zake zimelika tangu utotoni, kwa yale maumivu ya koo yaliyokuwa yakimrudia kila mwaka na kila mwaka yakatibiwa kwa maji ya chumvi. Upasuaji wa Bara Hindi ulitajwa. Harambee ilifanywa, ikapatikana robo ya robo, na wakati robo hiyo ikihesabiwa moyo nao ulikuwa ukichoka. Kufikia mwaka wa tisini na sita daktari aliacha kutaja Bara Hindi. Alitaja vidonge, chakula kisicho na chumvi, na moshi.

"Huyu asivute moshi wa aina yoyote," alisema. "Si sigara, si makaa, si huo udi wenu."

Mwanaesha alitii. Jiko la udi alilishusha uani, chini kabisa, na chumba cha Fahmi kikakaa miaka miwili bila chetezo. Kwake lilikuwa jambo zito. Chumba kisichofukizwa aliona ni kama mtu aliyeachwa bila nguo.

Fahmi alikaa ghorofa ya pili. Ngazi za nyumba zile ni za mawe, nyembamba na za wima, na za kwao zilikuwa ishirini na mbili. Mwanzoni wenzake wa timu walizipanda kila siku, wakiongozwa na nahodha wao, Faraj, kijana mpole aliyekuwa karani wa forodha. Mwanaesha akiwa uani alikuwa akitazama viatu vyao mguuni mwa ngazi. Jozi tisa, jozi kumi. Kisha jozi nne. Kisha viatu vya Faraj peke yake, Ijumaa kwa Ijumaa. Si kwamba walimchukia. Watu wazima hukaa chumbani na mgonjwa, mmoja akasema "utapona inshallah", mwingine akatazama saa, na hapo mazungumzo yameisha. Jambo hili lilimuuma Mwanaesha kuliko ugonjwa wenyewe. Ugonjwa aliuona ni wa Mungu, lakini viatu vile alijua ni vya watu.

Mwezi wa Juni, mwaka wa tisini na nane, dunia nzima ilikuwa na macho Ufaransa kwenye Kombe la Dunia. Ijumaa moja Faraj alimweleza Fahmi kwamba kuna ofisi mjini ambako makarani, kazi ikiisha, huchezea mpira kwenye kompyuta. Wachezaji wanakimbia, umati unapiga kelele, na watu wawili wanaweza kushindana.

Fahmi alingoja mpaka Faraj aliposhuka.

"Dada," akaita. "Nataka kucheza tena."

Mwanaesha alidhani ni homa. Akamwekea kiganja kwenye paji.

"Kwa vidole, dada. Kompyuta. Nikiwa nayo hapa, watakuja. Na wakija hawatanitazama mimi, watatazama mpira. Watakaa."

Hapo Mwanaesha alielewa, na alipoelewa hapakuwa tena na shauri. Jamaa waligutuka. Mgonjwa wa moyo wa kununuliwa mtambo wa kuchezea! Si bora hizo pesa zikae zimsaidie siku ikifika? Siku gani, aliwauliza Mwanaesha, ya sanda? Wengine hawakuja tena, akashukuru.

Faraj alimleta fundi kutoka Shimanzi, Mgiriama wa makamo aitwaye Tsofa, mtu wa maneno machache, aliyefanya kazi kwenye bohari moja ambamo kompyuta kuukuu hushushwa kutoka kwa makontena zikachambuliwa. Alipanda ngazi, akavua viatu, akasalimu kwa adabu, akataja bei ya kompyuta nzima inayoweza mchezo ule.

"Hiyo kwetu ni ng'ombe watatu," akaongeza mwenyewe, kana kwamba ameona haya. "Lakini dada, si lazima uinunue nzima. Waweza kuikusanya. Leo kioo, wiki ijayo kitu kingine. Mimi tavifunga pamoja, na ufundi wangu utanilipa mwisho."

Basi wakakaa yeye na Fahmi na kipande cha karatasi, wakiandika na kukata. Mwanaesha alishangaa kumwona ndugu yake akibishana. Ukichukua prosesa yenye nguvu, kumbukumbu itakuwa ndogo. Ukipata kadi ya picha nzuri, kadi ya sauti itakosekana, na Fahmi akasema mpira usio na kelele za uwanja ni maziko. Kasha jipya lilikuwa ghali. Tsofa akasema analo moja boharini, zima lakini halina ubavu wa upande mmoja, lilipotea safarini. Litawapa nafuu ya kununua hiyo kadi ya sauti.

"Lakini litakuwa wazi," alionya. "Ukiizima, ifunike. Adui yake ni vumbi na hii hewa yenu ya chumvi."

"Nitaifunika kwa leso," alisema Mwanaesha.

Kwa wiki kumi Mwanaesha alikwenda Shimanzi kila Jumamosi. Alipita katikati ya malori na makuli kwa buibui lake, akaingia bohari lenye joto la tanuri, akakaa juu ya kreti akichagua. Hakujua kusoma maandishi ya vile vyuma, ila alikuwa na pua. Kila kipande alichopewa alikileta puani kwanza. Jumamosi ya pili aliukataa ubao mkubwa wa kushikia vipande vyote ambao Tsofa mwenyewe aliusifu.

"Huu umeungua," akasema.

"Dada, huu ni mzima, nimeufuta kwa mkono wangu."

"Umeufuta juu. Ndani umeungua."

Tsofa aliuchomeka umeme ili amridhishe. Ubao haukuamka. Tangu siku hiyo hakumpa kitu bila kusubiri anuse kwanza, na wapakuzi wa bohari wakamwita mama wa pua, naye hakuchukia. Kusema kweli zile Jumamosi zilikuwa siku njema za maisha yake. Alirudi nyumbani na kibahasha mkononi, akapanda ngazi ishirini na mbili, na Fahmi akapokea kile kipande kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Prosesa aliilaza juu ya pamba. Mwanaesha hakujua inafanya nini, ila alijua imemgharimu udi wa harusi mbili.

Mwezi wa Septemba mkokoteni ulileta kioo na kasha hadi mlangoni. Tsofa alifunga vyote pamoja juu ya meza ya kushonea ya marehemu mama yao. Alipowasha, kifeni kidogo juu ya prosesa kilizunguka, kioo kikang'aa, na baada ya kitambo uwanja wa kijani ukajitandaza chumbani. Fahmi aliweka vidole. Mchezaji wake alikimbia upande wa kulia, akampita mtu, akampita wa pili. Umati ukapiga kelele kwenye spika mbili za bei rahisi. Mwanaesha alisimama mlangoni na shela mdomoni, analia bila sauti.

Wakaja. Siku ya kwanza Faraj na wawili, siku ya tatu saba, na Ijumaa ile, uani, Mwanaesha alihesabu jozi kumi na moja mguuni mwa ngazi. Kelele zilishuka mpaka kwenye sufuria yake ya sukari. Wanaume wazima wenye kazi na wake waligombania zamu, wakatukanana, wakasingiziana uongo. Hakuna aliyesema "utapona inshallah". Walimwambia Fahmi: "Mwizi wewe, rudia!" Fahmi alicheka hadi akakohoa, akakohoa hadi akashika kifua, kisha akarudia. Alikuwa mgonjwa vile vile. Midomo yake ilikuwa ya buluu vile vile. Lakini hakuwa peke yake, na hilo tu ndilo Mwanaesha alilokuwa amelinunua.

Kisha akaja Nasiha, jirani wa mlango wa pili, na sahani ya mahamri. Mwanamke mwema, nisimsingizie. Alisimama kizingitini akatazama vijana walivyojaa, akaitazama na ile mashine.

"Lo! Mtambo mkubwa namna hii! Hata kwa matajiri sijauona. Na huyu Fahmi amerudi kuwa kijana!"

Hakusema mashallah. Mwanaesha alingoja neno lile litoke, halikutoka. Alipokea sahani, akashukuru. Usiku ule ule Fahmi alivimba miguu. Siku ya pili mashine ilikwama kidogo, ikaendelea. Kwa Mwanaesha hapakuwa na swali tena. Jicho limeingia.

Na jicho dawa yake anayo nani kumshinda yeye? Kitu kipya kikiletwa nyumbani hufukizwa. Nguo ya bi harusi hutandazwa juu ya tundu la miyaa, mfano wa tenga lililofunikizwa, chetezo kikawekwa chini, na moshi ukapita mpaka kila uzi ukashiba. Mtambo huu ulikuwa umeingia kavu, bila hata punje ya ubani, kwa sababu ya daktari. Kosa lilikuwa lake, alijiambia, naye ndiye wa kulisahihisha.

Alasiri Faraj alikuwa na desturi ya kumbeba Fahmi hadi kwenye roshani ya nyuma apate upepo. Mashine iliachwa ikiwaka, maana kuiamsha kulichukua muda. Mwanaesha alifunga mlango wa chumba. Akachagua udi wa mawardi, ule wenye sukari nyingi aliouweka kwa maharusi tu. Akaweka chetezo chini ya meza upande ule wa kasha usio na ubavu, akatupia leso juu ya vyote viwili kama anayefukiza nguo. Alipoinua pindo kuchungulia, aliona jambo lililomfariji sana. Moshi haukutawanyika. Kile kifeni kidogo kiliuvuta. Uliingia kwa mstari mmoja, ukazunguka mle ndani, ukatokea nyuma ukiwa mwepesi.

"Imekubali," alisema kwa sauti.

Baadaye alifungua madirisha yote, akapepea kwa kipepeo cha ukili mpaka hewa ikawa safi, ndipo Faraj akamrudisha Fahmi kitandani. Fahmi alivuta pumzi puani.

"Chumba chanukia vizuri leo," akasema.

"Ni nguo zangu," alijibu Mwanaesha. "Nimetoka uani sasa hivi."

Alifanya hivyo kesho yake, na kesho kutwa, kila alasiri kwa wiki tano. Asingesahau hata siku moja. Siku za Alhamisi alitia mara mbili.

Mwishoni mwa Oktoba, mechi ikiwa katikati na chumba kimejaa, picha iliganda. Wachezaji walisimama pale walipo, mmoja mguu juu. Kisha kioo kikawa cheusi. Vijana waligeuka wakamtazama Fahmi, na ikawa mara ya kwanza kwa wiki nyingi wanamtazama yeye. Akawaambia warudi kesho, fundi atakuwa ameshaitengeneza.

Tsofa alikuja asubuhi. Mwanaesha alishuka kumtengenezea chai, na aliporudi na kikombe aliwakuta wote wawili wameinamiana. Fahmi alikuwa ameshika kile kifeni kwenye kiganja. Kilikuwa cheusi.

"Kwani ni nini?" aliuliza.

Tsofa alimtazama Fahmi. Fahmi akatazama ukuta.

"Prosesa imeungua, dada," alisema Tsofa. "Ilikuwa... ilikuwa na kasoro tangu huko ilikotoka."

Mwanaesha aliweka kikombe chini ili asimwagie. Yale aliyomwambia Tsofa asubuhi ile hapana haja ya kuyaandika yote. Alimwita tapeli. Alimwita mla wagonjwa. Alisema wiki kumi amekwenda katika joto lile kumwamini mtu ambaye alikuwa akimuuzia takataka, na Tsofa alisimama pale katikati ya chumba, viatu vyake viko chini mguuni mwa ngazi, akapokea lile na lile.

"Dada, basi," alisema Fahmi. "Basi."

"Usinambie basi! Huyu ametuibia!"

"Takutafutia nyingine," alisema Tsofa. "Hutalipa kitu."

Aliichukua mashine mabegani akashuka nayo. Prosesa ya aina ile haikuwepo boharini, na kontena lililotarajiwa lilikwama bandarini. Wiki moja ikawa mbili, mbili zikawa nne. Mwanaesha kwa upande wake hakukaa kimya. Kila aliyekuja kununua udi alihadithiwa habari za fundi wa Shimanzi, na mji wetu ni mdogo. Wateja watatu wa Mji wa Kale waliokuwa wamempa Tsofa kazi walizichukua kazi zao.

Viatu vilipungua. Siku ya pili jozi saba, wiki ya pili jozi mbili. Halafu Faraj peke yake, na mkewe alipojifungua naye hakuonekana siku kumi. Fahmi aliwatetea wote.

"Wana mazoezi," alisema, macho kwenye meza tupu.

Jioni moja alimwomba dada yake akae kitandani kwake. Pumzi zilikuwa fupi, na kila neno alilichagua.

"Dada, ule udi wa harusi ya kina Mwanakombo umeshapika?"

"Bado. Nitakuachaje peke yako?"

"Upike. Watu watakuja kuuchukua. Usiache kupika, wanisikia?"

Aliona ni maneno ya mgonjwa, akamwitikia ili anyamaze apumzike. Fahmi alifariki siku ya tatu yake, mwezi wa Shabani, saa tatu asubuhi, dada yake akiwa amemshika mgongo. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Maziko yalijaa. Viatu vilianza kwenye ngazi vikatoka mlangoni vikafuata kichochoro hadi kwa Nasiha na kupita. Timu nzima ilikuwepo, timu walizocheza nazo pia, na wanaume wasiomjua waliosikia tu. Walimbeba kwa zamu wakigombania bega. Mwanaesha aliwatazama kutoka dirishani kati ya wanawake waliokuwa wakilia. Hakulia. Alikuwa na hasira ya kukata pumzi. Mnajua njia, alitaka kuwapigia kelele. Kumbe njia mnaijua!

Ramadhani ilipoingia, Tsofa alikuja. Ilikuwa Alhamisi, baada ya alasiri. Alikuwa ameibeba mashine begani kama alivyoichukua, ikiwa na prosesa mpya, na zaidi ya hapo alikuwa ameitafutia ubavu. Kasha lilikuwa limefungwa pande zote.

"Nimechelewa, dada," alisema. "Lakini ni yenu."

Mwanaesha angeweza kumfukuza. Labda kwa sababu alikuwa amefunga, labda kwa sababu amechoka kuchukia, alimwacha apande. Tsofa aliiweka juu ya meza ya kushonea, akaunga waya, akaiwasha. Kile kifeni kikaanza kuzunguka, na ile sauti yake ndogo, ambayo Mwanaesha hakujua kuwa anaikumbuka, ikajaa chumbani. Akasimama. Akatoka. Aliporudi alikuwa na chetezo mkononi, makaa mekundu, na udi kwenye vidole. Sasa hapakuwa na daktari wa kumkataza. Akainama chini ya meza.

"Dada, usiifukize hiyo," alisema Tsofa haraka.

"Ya nini nisiifukize?"

Tsofa akatia mkono mfukoni.

"Nimekuuliza. Hii haikai bila ya kufukizwa. Ile ya kwanza niliifukiza kila siku kwa wiki tano, tena kwa udi wa maharusi, na lau si takataka zako..." Alikuwa ameuona uso wa yule mtu.

Tsofa alitoa mfukoni kikaratasi kilichokunjwa, akakikunjua polepole. Ndani mlikuwa na kile kifeni cha zamani. Mabawa yake yalikuwa yamegandana kwa kitu cheusi, chenye kunata, kinachong'aa.

"Fahmi aliniambia nikitupe," alisema. "Sikuweza."

Mwanaesha alikichukua. Mkono wake ulikipeleka puani kwa mazoea. Sukari iliyopikwa mpaka ikanata. Sandali. Mawardi. Ambari kidogo, iliyotiwa kwa saa yake. Kazi safi. Asingeweza kumsingizia mtu mwingine yeyote mji mzima.

"Kilishikwa na utomvu, kikaacha kuzunguka," alisema Tsofa, akiangalia sakafu. "Kisipozunguka, prosesa hupata moto. Nilipokifungua asubuhi ile, Fahmi alikinusa kama unavyonusa wewe. Akasema, 'Huu ni wa maharusi.' Na tena hakushangaa. Aliniambia alikuwa akiusikia kila alasiri aliporudishwa kutoka roshani."

"Alijua?"

"Alijua."

"Na moshi... daktari alisema..." Hakuweza kumaliza. Tsofa hakujifanya anaelewa asichokijua, akanyamaza, na kimya kile Mwanaesha anacho hadi leo.

"Nilitaka kukwambia, dada. Akanishika mkono. Akasema niseme ilikuja na kasoro. Akasema, 'Akijua, hatapika udi tena. Na asipopika atakula nini, na mimi sipo?'"

Mwanaesha alikaa kitandani. Makaa yaliendelea kuwaka miguuni pake mpaka Tsofa mwenyewe alipoyabeba akayamwagia maji uani.

Mwezi ule alikwenda duka kwa duka, nyumba kwa nyumba, akawaambia watu kwamba fundi Tsofa hakumwibia, kwamba yeye ndiye aliyemsingizia. Walipomuuliza basi mashine iliharibiwa na nini, aliwaambia. Wengine walicheka, wakadhani ni mzaha. Mashine aliwapa kina Faraj, wakaiweka kwenye chumba chao karibu na uwanja wa Tononoka, na hakwenda kuitazama.

Idd ilipokaribia, wateja walibisha. Mwanaesha aliteremka uani, akabandika sufuria, akatia sukari. Amepika tangu siku hiyo, kila mwezi, kwa saa yake na kwa pua yake, na udi wake haujapungua hata chembe, kwa sababu ndilo jambo la mwisho aliloombwa. Huufunga wote kwenye vikopo, akauza wote. Juu, ghorofa ya pili, madirisha hukaa wazi.